Tupeane uzoefu: Habari za kifo cha Michael Jackson zilikukuta wapi?

MzeeWaKanda
Wakuu, leo asubuhi dereva wa daladala kaweka Liberian Girl. Ile sauti ya mama anayefungua wimbo kwa Kiswahili, Letta Mbulu wa Afrika Kusini, imenirudisha moja kwa moja Juni 2009. Nilikuwa Morogoro, nalala chumba kimoja na kaka yangu. Alfajiri ya Ijumaa tarehe 26 nikafungua redio nisikilize Amka na BBC, nikakutana nayo. Kaka enzi za albamu ya Bad alikuwa anashindana disko, vijana wa mtaani wanamjua. Akasema hao waongo, subiri saa mbili watakanusha. Saa mbili hawakukanusha. Hakwenda kazini siku ile, na mimi sikumuuliza.

Tupeane uzoefu, wewe ilikukuta wapi? Na jambo la pili: kaka ameniachia kanda ya VHS ya onyesho la Motown 25, ile ambayo Michael alicheza moonwalk, ule mtindo wa kuteleza kinyumenyume, jukwaani kwa mara yake ya kwanza mwaka 1983. Imeota ukungu. Anayejua namna ya kuiokoa aseme.

BintiTandika
Nililia mpaka mama akadhani nimefiwa na mtu wa ukoo.

KondaMstaafu
Mimi niliipata Alhamisi saa mbili usiku, baa moja Magomeni. Bendi ilisimamisha muziki.

HesabuZaSaa
Mkuu, Alhamisi saa mbili usiku kwetu, Los Angeles ilikuwa saa nne asubuhi na Michael yu hai. Ametangazwa kufariki hospitali ya UCLA saa nane na dakika 26 mchana kwao. Huku ni saa sita na dakika 26 usiku, tayari Ijumaa. Yako itakuwa Ijumaa jioni.

KondaMstaafu
Ulikuwepo Magomeni wewe?

MamaEastHam
Mimi nilikuwa London na tiketi ninayo. Wengi mmesahau kwamba alikuwa anajiandaa kwa maonyesho 50 pale ukumbi wa O2, la kwanza Julai 13. Tiketi zilipoanza kuuzwa nilikesha kwenye kompyuta ya rafiki yangu mpaka nikapata. Usiku huo nilikuwa kazini, nafanya usafi kwenye ofisi za watu, televisheni iko wazi ukutani bila sauti. Nikaona picha yake na maandishi yanapita chini. Nikazima mashine ya kufyonza vumbi, nikasogea, nikasoma, nikasoma tena. Hapakuwa na mtu wa kumwambia ghorofa nzima.

Baadaye waandaaji walitupa hiari: urudishiwe fedha au utumiwe tiketi yenyewe iwe kumbukumbu. Nilichukua tiketi. Mume wangu alinuna wiki nzima, maana hela ile tulikuwa tunaihitaji. Sijajuta.

Buruburu58
Nairobi Ijumaa asubuhi kila mathree (matatu) ilikuwa inapiga MJ. Yetu iliweka Man in the Mirror, ikaisha tukiwa Muthurwa, watu wakamwambia dere arudie. Wazee wa suti walikuwa wanaimba. Sijawahi kuona hiyo kitu tena Nairobi.

KijanaWaCafe
Mwanza. Nilikuwa nasimamia intaneti kafe. Mkonga wa intaneti wa baharini, SEACOM, ulikuwa bado, ulizinduliwa Julai 23 mwaka huo huo, kwa hiyo tulikuwa tunatumia setilaiti. Watu wamejaa mpaka nje, ukurasa haufunguki. Wananilaumu mimi! Kumbe hata Google kwenyewe utafutaji ulivyofurika walidhani wanashambuliwa. Mzee mmoja alilipa nusu saa, akaona nusu ya picha, kofia tu, akaondoka.

DadaMkubwa
Sikutaka kuandika ila huu uzi umenigusa pabaya.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa mwanafunzi kile kituo cha Sinza cha watoto wenye ulemavu wa akili. Michael alipokuja Dar Februari 1992, akitokea Gabon na Ivory Coast, alionana na Rais Mwinyi na alifika pale kituoni. Mdogo wangu alikuwa hapendi kuguswa na mgeni, hata daktari alikuwa anampiga mateke. Siku ile yeye mwenyewe alimshika Michael mkono wa shati na hakutaka kuuachia. Walinzi wanataka kumtoa, Michael anawaambia kwa mkono mwacheni. Hilo nilisimuliwa na mama, alikuwepo.

Toka siku hiyo nyumbani tuliishi na Michael. Bara hatukuwa na televisheni bado, ITV imeanza 1994, kwa hiyo tulimpeleka kwa jirani mwenye deki. Alijua kila hatua. Neno refu lilimshinda kutamka lakini alikuwa anaimba beti nzima.

Ijumaa ile mama aliposikia redioni alitoa betri akazificha kwenye unga. Tukasema tutamwambia polepole. Tulisahau mtaa. Ilipofika saa nne kinyozi anapiga Michael, duka la kanda linapiga Michael, bodaboda inapita na Michael. Mdogo wangu akaanza kucheka. Akaingia ndani akavaa suruali ya sherehe na soksi nyeupe, akatoa kiti akakiweka getini, akakaa. Namuuliza unafanya nini, ananiambia Michael anakuja tena.

Alikaa pale juani mpaka baada ya swala ya Ijumaa. Hakutaka chakula, asije mgeni akamkuta anakula. Mama alijifungia chumbani, akaniambia kupitia mlangoni, wewe ndiye mkubwa, kamwambie. Nimezika baba na nimezika mtoto, lakini ule mwendo kutoka barazani mpaka getini ndio mgumu kuliko yote. Nikamwambia. Akaniangalia muda mrefu kisha akauliza nani atakwenda kuwaambia wenzake wa shule.

BintiTandika
Dada yangu 😭 pole sana. Hivi yuko wapi sasa?

DadaMkubwa
Yupo. Ana mvi kunishinda mimi. Bado anacheza.

MkweliDaima
Poleni, ila tuseme ukweli. Huyo huyo mwaka 1992 magazeti yaliandika alikuwa anaziba pua Afrika, kwamba tunanuka. Na alijichubua awe mzungu.

HesabuZaSaa
Wenzake walieleza palepale kwamba kugusa pua ni mazoea yake. Na ngozi ni mbalanga. Alimwambia Oprah Februari 1993, mkabisha. Uchunguzi wa maiti ukathibitisha. Mlitaka ushahidi gani mwingine?

MkweliDaima
Na kesi za kudaiwa kunyanyasa watoto?

HesabuZaSaa
Mahakama ilimwachia kwa mashtaka yote Juni 2005. Aliyehukumiwa baadaye ni daktari wake, 2011, kwa ile dawa ya usingizi, propofol.

Makossa72
Mimi ninamlilia kama kawaida, lakini Manu Dibango alikuwa na haki yake. Ile "mama-say mama-sa" ya Michael kwenye Wanna Be Startin' Somethin' imetoka kwenye Soul Makossa ya Dibango ya 1972, na ilibidi mzee wa Kameruni adai ndipo wakamalizana nje ya mahakama. Tumsifu Michael bila kumsahau Dibango.

Buruburu58
Hapo nakuunga mkono mia kwa mia.

KondaMstaafu
Nimemuuliza mke wangu. Anasema ilikuwa Ijumaa. Lakini bendi ilisimama kweli.

MamaEastHam
DadaMkubwa, ile tiketi yangu ina picha yake inayobadilika ukiigeuza. Desemba nakuja Dar. Ukiniruhusu nataka nimletee mdogo wako, iwe yake.

DadaMkubwa
Njoo mama. Nitamwambia siku ukishatua, nikimwambia leo atatoa kiti leo.

FundiDeki
MzeeWaKanda, umesahaulika. Hiyo kanda usiitie kwenye deki hata kwa dakika moja, ukungu unahamia kwenye hedi, kile kichwa kinachosoma kanda, na deki nayo imekufa.

KijanaWaCafe
Weka kwenye mchele siku tatu.

FundiDeki
Mchele ni wa simu iliyoingia maji, na hata huko sishauri! Iweke sehemu kavu, isiwe juani. Halafu inafunguliwa, inasafishwa taratibu kwa spiriti na kitambaa laini, inahamishiwa kwenye ganda jingine. Ikicheza mara moja irekodi hapohapo kwenye kompyuta.

BintiTandika
Bibi yangu alikuwa anazianika kwenye kamba kama nguo.

MzeeWaKanda
FundiDeki, uko mkoa gani? Mimi siitumi kwa basi, naileta mwenyewe.

FundiDeki
Dodoma. Njoo na deki yako pia, nisafishe vyote kwa pamoja.