Naomba ushauri: faiba yangu ya kupima DNA inasoma hata maji matupu

Wakuu, heshima kwenu. Niko Dar, mwaka wa mwisho chuoni. Mradi wangu ni kutambua DNA ya bakteria wa kipindupindu kwenye maji ya kisima kwa kutumia faiba, yaani uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga.

Ili mwanga uguse maji, ganda la faiba lazima litoke. Asidi ya kula kioo niliiogopa, ile ikikugusa inapenya hadi mfupani. Nikachukua faiba yenye ganda la plastiki, nikalikwangua kwa wembe sentimita 3. Hapo mwanga huchungulia nje kidogo tu, chini ya mikromita 1. Juu ya kioo nimepandikiza uzi mmoja wa DNA. Pacha wake akipita washikane, A kwa T, G kwa C, na mwanga ubadilike.

Sasa kasheshe. Juzi mchana umeme ulikatika, AC ikazima, nikaendelea na laptop. Mstari wa usomaji wa mwanga ukaanza kupanda wenyewe, na kwenye kikombe kulikuwa na maji ya chupa tu! Mimi nasema ni joto. Msimamizi wangu anasema niangalie chumvi kwanza, maana nyuzi zote mbili zina chaji hasi na bila chumvi zinafukuzana. Sawa, lakini maji ya chupa hayana hata DNA.

Nikiweka faiba ya pili isiyo na DNA pembeni, nikatoa usomaji wake, itatosha? Au nipake dhahabu juu ya kioo cha faiba? Sonara mmoja Kariakoo nilimwambia nataka unene wa nanomita 50, akacheka mpaka akavua miwani.

Aliyewahi kushika hivi vitu anisaidie, nawasilisha mwezi ujao.