Gari la pamoja hadi uwanja wa ndege wa Entebbe: niondoke Ntinda, Kampala, saa ngapi?

Swali: Ndege yangu ya kimataifa inaruka saa 10 jioni, Ijumaa. Dereva atanipitia saa 6:30 mchana, kisha achukue wengine wanne mjini. Nikubali?

Jibu la 1: Usikubali, ndugu. Umbali ni kilomita 40 hivi tu. Muda unaliwa na kuzungushwa mjini. Dirisha la mizigo kwa kawaida hufungwa saa moja kabla, yaani saa 9. Abiria mmoja akiwasubirisha dakika 20 getini kwake, mmechelewa wote, na hilo ni kukosa heshima kabisa. Dai kuondoka saa 5:30. Muulize pia kama nauli ina ada ya barabara ya kasi. Wanaoikwepa hupitia barabara ya zamani ya Kajjansi, na foleni ya Ijumaa huko ni balaa.

Jibu la 2: Ongeza muda wa kizuizi cha usalama kabla ya jengo la uwanja: abiria hushuka na kukaguliwa wakipita kwa miguu, gari hukaguliwa peke yake. Pasipoti iwe mkononi, isiwe kwenye buti la gari. Na jamani, pimeni mizigo nyumbani! Mtu anafungua sanduku mbele ya mizani kutoa kilo mbili za unga, nyuma watu thelathini wamesimama.

Muulizaji: Asante. Asali nusu chupa je, kwenye mzigo wa mkononi?

Jibu la 2: Kinachohesabiwa ni ukubwa wa chupa, si kilichobaki ndani. Ikizidi mililita 100 itaachwa. Iweke kwenye sanduku, lakini pawabenki (betri ya kuchajia simu) ibaki kwenye mzigo wa mkononi.