Njia ya pwani: klabu za magari ya foo-wili ziachwe zipite, au ifungwe kabisa?

Mkaa Upwa: Klabu yetu inaandaa safari ya kutwa kwenye njia ya pwani, ile isiyo na nyumba wala mtandao: ufuko, mawe, mlango wa kijito, kisha kurudi. Kuna wanaotaka njia za namna hii zifungwe kwa magari. Mimi nasema tupite, mradi kuna utaratibu. Mnasemaje?

Binti Bamvua: Ifungwe, hasa msimu wa kasa kutaga. Kiota kinakaa juu ya mstari wa maji kujaa, na mayai humo hukaa kama siku 60. Maji yakiwabana nyie mnakimbilia wapi? Huko huko juu. Na kitoto cha kasa kikitumbukia kwenye alama ya tairi kinafuata mfereji badala ya kwenda baharini, kaa na ndege wanajipatia. Halafu nusu ya madereva wa klabu hata upepo wa tairi hawajui kupunguza ili gari lisizame mchangani.

Difu Loki: Hatujui kupunguza upepo?! Dada, mimi nashuka hadi PSI 16, kipimo cha upepo, kabla tairi haijagusa mchanga. Usitupake matope.

Mzee Tope: 16 kwa gari gani? Kama una mzigo na hema juu ya paa, anza na 20 uone gari linasemaje. Shuka sana halafu ukate kona kwa kasi, tairi ichomoke kwenye rimu, ndo utajua jeki haisimami mchangani.

Difu Loki: Ndiyo maana tunabeba ubao wa kuwekea jeki, mzee wangu. Kwani tumeanza juzi?

Nusu Tangi: Afrika Kusini walishamaliza ubishi huu. Walipiga marufuku magari ufukweni 2002 kama sikosei, na dunia haikuisha.

Mkaa Upwa: Kanuni zilitangazwa Desemba 2001, zikaanza kazi Januari 2002, na vibali bado vipo kwa baadhi ya shughuli. Mbona hutaji kisiwa cha K'gari kule Australia? Unalipia kibali, mwendo mwisho kilomita 80 kwa saa, unapita.

Nusu Tangi: 80 ufukweni! Asante kwa kunisaidia hoja.

Difu Loki: Sisi hatufiki hata 40. Na kuhusu upepo, mzee, 20 kwenye mchanga mkavu unajichimbia kaburi.

Binti Bamvua: Nimeuliza maji yakijaa mnakimbilia wapi. Nimepewa darasa la matairi.

Mkaa Upwa: Tunasoma jedwali la maji, dada. Tunaingia yakipwa, tunatoka kabla hayajarudi. Mchanga wa chini uliolowa ni mgumu, na alama zake maji yanafuta yenyewe.

Binti Bamvua: Toka kupwa hadi kujaa ni saa sita na kidogo. Mtakwenda na kurudi humo humo, na picha, na kula, na mmoja wenu kukwama? Tena mnapenda mwezi mpevu kwa sababu maji yanakupwa mbali. Hayo ndiyo maji ya bamvua, yakirudi yanapanda juu kuliko siku nyingine.

Mzee Tope: Wa kukwama atavutwa. Ila nisione tena mtu anafunga kamba kwenye mpira wa trela, ule wa chuma nyuma ya gari. Ule ukikatika unaruka kama risasi, umeshaua watu.

Difu Loki: Hiyo "tena" ni mimi?

Mzee Tope: Nimetaja jina?

Difu Loki: Kamba ilikuwa kwenye ndoano ya chasisi. Picha ninayo.

Nusu Tangi: Ile picha gari limepanda juu ya nyasi za matuta? Nyasi zinazoshika mchanga usipeperuke? Bandika hapa tuione wote.

Difu Loki: Ilipigwa vibaya tu, gari lilikuwa pembeni.

Binti Bamvua: Pembeni ya nini?

Mkaa Upwa: Jamani. Wanaokuja waandike gari lina watu wangapi. Upepo tutapimana pale pale mwanzo wa njia.

Mzee Tope: Nakuja na geji yangu. Hizo zenu zinadanganya.