Kipokezi cha 2.4 GHz kinapoteza usikivu kwenye chaneli mbili tu

Ohmu50: Wakuu, nina chipu ya transiva ya Bluetooth LE, CMOS, kristali ya 32 MHz. Hesabu: kelele ya joto −174 dBm (desibeli ukilinganisha na miliwati 1) kwa kila Hz, jumlisha 60 dB za upana wa 1 MHz, 6 dB za kelele ya kipokezi chenyewe na 12 dB za SNR (kiasi ishara inavyopaswa kuizidi kelele), napata −96 dBm, yaani ishara dhaifu kabisa inayosomeka. Chaneli nyingine zinafika hapo, ila 2432 na 2464 MHz zinagota −88. Kuongeza mkondo wa LNA (kikuzaji cha kwanza cha kipokezi) hakujasaidia. Niguse wapi?

Kapasita: LNA haina kosa mkuu, ingekuwa yenyewe chaneli zote zingeshuka. Gawanya hizo namba kwa 32: 76 na 77 kamili. Ni harmoniki za kristali yako, yaani masafa ambayo ni mara kamili ya yale ya msingi. Wala haihitaji nguvu: takriban −101 dBm kwenye ingizo inatosha kukulia hizo 8 dB. Angalia 2416, 2448 na 2480. Zikiwa mbovu pia, mchawi ni kloki ya 16 MHz. Zikiwa nzima, ni kitu kinachokwenda kwa 32 yenyewe.

Mkeka: Naongezea njia ambayo kelele hiyo inapitia. Waya wa kuunganisha chipu na pini una kama 1 nH kwa milimita. Kwa 2 mm, mkondo ukipanda 10 mA ndani ya 100 ps, ardhi inaruka 0.2 V! Kapasita ya 100 nF kwenye bodi haioni kitu, iko nyuma ya waya huohuo. Weka kapasita ndani ya chipu. Gadi ringi (pete ya kukinga saketi nyeti) nayo iende kwenye pini yake ya ardhi. Wengi huiunga na ardhi ya dijitali, kisha inakuwa antena ya kumwaga kelele kwenye silikoni. Kisima kirefu cha aina ya N (tabaka la kutenga saketi na silikoni iliyobaki) usikitegemee sana, kwa 2.4 GHz kapasitansi ya kiungo chake inapitisha.

Ohmu50: Zote tatu nzima. Bafa ya kristali (saketi inayosambaza kloki yake) iko mikroni 80 kutoka LNA, na zote zinatumia LDO (kidhibiti cha volteji) moja.

Kapasita: Basi umeshampata. Toleo lijalo ihamishe na uipe LDO yake. Kwa silikoni uliyo nayo, shusha nguvu ya bafa kwenye rejista, hatua moja moja, maana harmoniki za juu hivyo huzaliwa na ukali wa kingo. Kila hatua pima kelele ya fezi ya PLL (saketi inayotengeneza masafa ya redio): kingo zikilegea mno, kelele ya bafa inageuka jita, yaani kuyumba kwa muda wa kingo. Kusawazisha mzunguko uwe 50% (kloki iwe juu nusu ya muda) kutapunguza harmoniki ya 76 tu. 77 ni witiri, itabaki.