JPEG, PNG, WebP, TIFF, SVG: ipi kwa kazi ipi?

Kalamu_Mbili (mwanzisha mada)
Wakuu, naombeni mnifungue macho. Nina kazi tatu. Ya kwanza ni nembo ya kikundi chetu. Niliyonayo ni JPEG, na nikiiweka juu ya rangi yoyote inakuja na boksi jeupe. Nikiikuza kwa ajili ya bango, kingo zinakuwa na ukungu. Ya pili, picha kama mia nne za kamera zinazotakiwa kwenda kwenye tovuti. Ya tatu, picha za zamani za karatasi ambazo nataka kuziskani kabla hazijafifia zaidi. Jamaa mmoja kanambia niweke zote PNG, eti ndiyo yenye ubora. Nimejaribu tatu: mojawapo, JPEG ya MB 6, imekuwa PNG ya MB 30 na ushee, na mimi tofauti siioni. Nakosea wapi?

fundi_pikseli
Macho yako hayajakudanganya. Umemimina maji ya kikombe kwenye pipa: chombo kimekua, maji ni yale yale. JPEG ilipoibana picha kuna vitu ilivitupa, na PNG haina namna ya kuvirudisha. Inachofanya ni kuhifadhi kila pikseli, yaani kila nukta ya rangi inayounda picha, kama ilivyoikuta, pamoja na madoa yake.

JPEG, ambayo kiwango chake kilitoka 1992, ilitengenezwa kwa ajili ya picha za kamera. Huikata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8, kisha hupunguza vile vitu vidogo ambavyo jicho halivifuatilii. Mara nyingi hupunguza rangi kuliko mwanga, kwa kuwa jicho letu hutambua mabadiliko ya mwanga vizuri zaidi kuliko ya rangi. Kwenye sura ya mtu, mawingu au majani hutagundua kitu. Ila weka maandishi mekundu kwenye karatasi nyeupe, utaona vumbivumbi limeizunguka kila herufi. Nembo, michoro na skrinishoti ndizo zinazoumia hapo, na kazi hizo ndizo PNG inazozimudu. Boksi jeupe nalo lina sababu yake: JPEG haijui uwazi, lazima kila pikseli iwe na rangi.

Nukta_Nukta
Kwa nembo mimi hata PNG siiungi mkono. SVG! Humo hamna pikseli, mna maelekezo ya kuchora: mstari uanzie hapa, upinde pale, ujazwe rangi fulani. Ikuze hadi ukubwa wa ukuta, kingo zitabaki kali. Lakini angalia mtego: kuna programu zinazokupa "SVG" ambayo ndani yake wamepachika ile ile JPEG yako. Ikuze uione, ikiwa na ukungu, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Nembo inatakiwa ichorwe upya kwa vekta, yaani kwa maelekezo hayo ya kuchora, au umtafute aliyeichora mwanzo. Ukishapata SVG, toa PNG za ukubwa unaotaka kwa sehemu zisizopokea SVG.

mgeni_wa_picha
Na GIF je? Mbona hamuitaji?

fundi_pikseli
GIF ni ya 1987 na rangi zake hazizidi 256 kwa fremu moja. Uwazi wake ni wa ndiyo au hapana, kwa hiyo kingo za mviringo huonekana kama zimetafunwa. Kwa kweli PNG ilizaliwa kutokana na ugomvi juu ya GIF: mbinu yake ya kubana ilikuwa na hataza, watu wakachoka kutishiwa ada, wakaunda mbadala uliokamilika 1996. GIF imebaki kwa vikatuni vinavyotembea, basi.

mtandaoni_daima
Kwa zile mia nne: WebP. Google waliitoa 2010. Inaweza kubana kwa kupoteza baadhi ya vitu vya picha au bila kupoteza chochote, ina uwazi, na vivinjari vyote vya sasa vinaifungua. AVIF ya 2019 mara nyingi hubana zaidi, ila kuitengeneza huchukua muda.

Lakini ndugu yangu, kabla ya kubishania fomati, punguza vipimo. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 ikienda kwenye nafasi ya 1200 kwa 800, umepakia pikseli mara 25 ya zinazohitajika. Hakuna fomati itakayokuokoa hapo. Futa pia EXIF, yaani taarifa ambazo kamera huzificha ndani ya faili la picha. Picha nyingi za simu hubeba hadi mahali zilipopigwa.

Chumba_cha_Giza
Mimi nizungumzie skani, maana hapo ndipo watu hujuta baadaye. Picha ya karatasi ya sentimita 10 kwa 15 iskani kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Utapata takriban pikseli 2360 kwa 3540, yaani siku ukitaka kuichapisha mara mbili ya ukubwa wake bado una dpi 300. Ihifadhi TIFF, kama MB 25 hivi kabla ya kubanwa. Hiyo ndiyo nakala mama, usiiguse. Za kutumiana toa JPEG kutoka kwake.

fundi_pikseli
Kwa nini TIFF na si PNG, mkuu? Zote hazipotezi kitu, na PNG huwa ndogo kuliko TIFF isiyobanwa.

Chumba_cha_Giza
Kwa skani za kuangalia kwenye skrini, nakubali, PNG inatosha. Ila wachapaji wakitaka CMYK, yaani mfumo wa rangi za wino za uchapaji, PNG haina. Halafu nikurekebishe kidogo: TIFF inaweza kubanwa kwa JPEG ndani kwa ndani, na hapo inapoteza. Kwenye programu ya skana chagua LZW, ambayo hubana bila kupoteza kitu, au bila kubana.

mgeni_wa_picha
Simu yangu inatoa picha za fomati ya HEIC. Nikibadilisha jina la mwisho kuwa .jpg si inatosha?

mtandaoni_daima
Hapana. Jina ni kibandiko tu, yaliyomo hayabadiliki. iPhone zilianza kutumia HEIC 2017. Ama uibadilishe kwa programu, ama kwenye mipangilio ya kamera uchague JPEG. Na kufungua JPEG hakuiharibu, hata mara elfu. Inayoharibu ni kuihariri na kuihifadhi upya, kisha upya tena.

Kalamu_Mbili
Wakuu, mrejesho. Nimempata aliyechora nembo. Kumbe SVG anayo tangu siku ya kwanza, anasema hakuna aliyewahi kumwomba! Picha za tovuti nimezipunguza hadi pikseli 1200 kwa upana na kuzifanya WebP. Folda nzima sasa ni ndogo kuliko zile PNG tatu nilizokuwa nimeshazitengeneza. Skani naanza wikiendi, TIFF kwa LZW. PNG ya MB 30 nimeifuta.

Nukta_Nukta
Hiyo SVG umeikuza?

Kalamu_Mbili
Nimeikuza hadi herufi moja imejaza skrini. Ni kali kama wembe.