Naomba ushauri: nimemtisha mtoto darasani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni Mtanzania, nafundisha Shule ya Jumapili karibu na Window Rock, Arizona. Watoto ninaowafundisha wote ni Wanavajo, kabila la wenyeji asilia wa hapa Marekani.

Juzi nilimkemea binti wa miaka 6: "Nitazame ninapoongea!" Akajificha nyuma ya sketi ya bibi yake, kalamu ya rangi bado mkononi. Kumbe kwao kuinamisha macho ndiyo heshima. (Hata kwetu, mtoto hamkazii mkubwa macho. Sijui nilisahau wapi.)

Bibi hakunigombeza. Alinieleza taratibu kwamba alipokuwa shule ya bweni alioshwa mdomo kwa sabuni kwa kuongea Kinavajo, na waliomwosha walikuwa watu wa Biblia. Nilikosa la kusema.

Sasa, nimwombe mtoto radhi mbele ya wenzake, au nitamwaibisha zaidi? Biblia nzima ya Kinavajo ipo tangu 1985. Nafikiria kumwomba bibi awe anawasomea mstari kwanza, mimi nikae sakafuni nao. Au ni mapema mno kumwomba hivyo? Na mnatulizaje watoto 14 bila kupaza sauti?