MREJESHO: Ardhioevu nyuma ya nyumba zetu, jimbo limejibu

Habari zenu ndugu zangu. Niliuliza hapa: huku jimbo la Washington mwekezaji anataka kumwaga kifusi kwenye ardhioevu nyuma ya mtaa wetu, kibali ni cha serikali kuu ya Marekani, je, jimbo lina sauti? Wengi mlisema halina. Linayo.

Kibali hutolewa na Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi, lakini kwa kifungu cha 401 cha Sheria ya Maji Safi ya 1972, hakitoki mpaka jimbo lithibitishe kuwa maji yake hayataharibika. Linaweza kukubali, kukataa, au kuweka masharti yanayoingia ndani ya kibali chenyewe. Likinyamaza hadi muda upite, nao hauzidi mwaka 1, limepoteza nafasi. Dada uliyeniambia nitafute tarehe ombi lilipopokelewa, Mungu akubariki, maana siku zinahesabiwa kuanzia hapo.

Nilituma maoni na picha mbili: maji yakiingia kwenye matete yana rangi ya chai ya maziwa, yakitoka upande wa pili unaona kokoto.

Jimbo limekubali kwa masharti: eneo la kujaza lipunguzwe, tope lizuiwe, maji yapimwe ujenzi ukiendelea. Nilitaka wakatae, na bado inaniuma. Ila masharti si mapambo. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya jimbo hilihili, ilikubali jimbo liweke hata kiwango cha chini cha maji mtoni.

Jana wamefunga uzio wa kitambaa wa kuzuia tope kando ya matete.